Shajara ya kutafuta gari: siku 61, magari 9, mafungu 10

Siku ya 1

Leo tumekaa mezani mimi na mke wangu, tukatoa hesabu zote, tukakubaliana: tunanunua gari. Lililotumika, maana jipya hatuliwezi, na hatukopi. Hela iliyopo ndiyo hiyo hiyo.

Nimeigawa hela yote katika mafungu 10, na humu nitahesabu kwa mafungu tu. Kanuni ya kwanza nimeiandika kwa wino mwekundu: gari lenyewe lisizidi mafungu 7 na nusu. Yanayobaki, 2 na nusu, ni ya kubadilisha umiliki, bima, matairi, na matengenezo ambayo hakuna muuzaji anayeyataja. Mke wangu alitaka tutenge 3. Nikambishia. Ila kutenga lazima tutenge: tunamjua mtu wa karibu aliyemaliza hela yote kwenye gari zuri, halafu likakaa nyumbani limefunikwa turubai miezi miwili kwa kukosa matairi.

Kazi ya gari: kilomita 40 hivi kwa siku, watu watano, mizigo ya kawaida. Hatuna mlima wa kupanda wala mtu wa kumringia.

Siku ya 3

Nimesoma hadi macho yanauma. Kila mtu ana gari lake analoliapia na jingine analolilaani, na mara nyingi ni gari lile lile.

Nimeamua kuanza na swali moja: fundi wa kawaida, asiye na vifaa vya ajabu, analijua? Gari linaloonekana kila kona lina spea mpya, spea za mtumba, na fundi aliyekwisha kulifungua mara mia. Gari adimu, hata liwe bora, likiharibika kidude kimoja unasubiri kiagizwe huku unatembea kwa miguu.

Orodha imebaki na aina tatu. Ya kwanza Toyota Corolla yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1,497, ambayo ni ile ile iliyofungwa kwenye Vitz (Yaris kwa soko la nje) na Probox. Ina cheni ya taimingi, ile inayozifungua vali kwa wakati wake, badala ya mkanda. Mkanda una muda wake, kwa injini nyingi kati ya kilomita 90,000 na 100,000, na kwa baadhi ya injini ukikatika vali zinagongana na pistoni, habari inaishia hapo. Cheni nayo si ya milele, lakini ukibadilisha oili kwa wakati haikusumbui. Nimeandika pembeni nijihadhari na Corolla za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo. Zinajulikana kwa kula oili, sababu ikiwa matundu madogo ya kurudishia oili kwenye pistoni, yanayoziba.

Ya pili Honda Fit ya kizazi cha kwanza, inayoitwa Jazz kwingineko. Nafasi ya ndani ni kubwa kuliko umbo lake. Lakini injini yake ya i-DSI ina plagi nane kwa silinda nne, na zile za nyuma ni taabu kuzifikia, kwa hiyo fundi mvivu hubadilisha nne za mbele na kukuambia kazi imekwisha. Na giaboksi yake ya CVT (isiyo na gia za hatua), ikizeeka au ikiwekewa oili isiyo yake, hutetemeka wakati wa kuondoka.

Ya tatu Mazda Demio. Sina la kusema sana juu yake. Mke wangu anaipenda sura.

Siku ya 6

Gari la kwanza. Nilimwomba dalali asiliwashe mpaka nifike. Nimefika, nikaweka kiganja juu ya boneti: moto kama pasi.

"Nimeliwasha ili nisikupotezee muda, bosi."

Injini ya baridi ndiyo inayotoa siri. Kugonga kwa cheni kabla oili haijapanda, moshi wa bluu wa oili iliyochuruzika usiku kupitia sili za vali, stati inayokoroma, injini inayomisi sekunde kumi za kwanza halafu inatulia: hayo yote huisha ikipata moto. Nimemshukuru, nikaondoka. Amenipigia mara mbili jioni.

Siku ya 7

Magari mawili. La kwanza linanuka unyevu, na chini ya zulia la abiria kuna udongo mkavu laini, ule wa mafuriko, umekaa hata kwenye reli za kiti. La pili limeuzwa nikiwa njiani.

Siku ya 9

Hili la leo nataka niliandike vizuri, maana karibu nilinunue.

Gari dogo la rangi ya fedha, mwaka 2008, kilomita 68,000 kwenye dashibodi. Limeng'arishwa mpaka matairi yanakuakisi. Injini ya baridi kweli kweli, nimeishika. Imewaka mara moja, ikatulia. Mke wangu alishalipenda tangu getini. Mimi pia, nisiseme uongo.

Jambo la kwanza lilikuwa raba ya pedali ya breki. Kona yake ya kulia imelika hadi imekuwa laini kama sabuni. Kilomita 68,000 haziwezi kula raba namna ile. Usukani nao umelika na kulainika kule juu ambako mtu hushika akiwa kwenye foleni. Nikajiambia labda mwenye gari ana miguu mizito.

Jambo la pili nililisoma juzi tu: vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Chini kabisa, karibu na unapofungwa kwenye bodi, kuna kitambaa cheupe kilichoshonewa chenye tarehe ya kutengenezwa. Mkanda wa abiria: 2008. Mikanda miwili ya nyuma: 2008. Mkanda wa dereva: 2013. Mkanda haubadilishwi kwa kuchakaa rangi. Katika ajali nzito, kifaa chake cha kuuvuta hulipuka pamoja na eabegi, na hapo ndipo hubadilishwa. Nikamuuliza muuzaji kama gari limewahi kugonga.

"Hata mkwaruzo, kaka. Angalia mwenyewe bodi."

Jambo la tatu ndilo lililonitoa pale. Nilizungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, bila kupiga stati. Taa ya oili ikawaka, betri, injini, ABS, eabegi. Taa ya eabegi hujipima yenyewe sekunde chache, kisha huzima hata kama injini haijawashwa. Hii haikuzima. Nikahesabu hadi thelathini. Bado. Nikapiga stati: taa ya eabegi ikazima sawia na taa ya oili, kwa pamoja, kama mapacha. Nikazima, nikarudia. Vile vile.

Nikampigia fundi wangu. Hakuniachia nimalize. "Wameiunganisha na waya wa taa ya oili, ili ukiwasha ionekane imezima. Kwenye huo usukani hamna eabegi, au ipo na imekufa. Toka hapo."

Mke wangu alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, ameinua kioo cha kujitazamia. Nilimweleza ndani ya gari, kwa sauti ya chini. Akashuka bila neno.

Hata eabegi halisi ina mambo yake. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vilipuzi vya eabegi vilivyotumia amonia naitreti, ambayo baada ya miaka ya joto na unyevunyevu huharibika. Eabegi ikifunguka, chuma chake kinaweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva. Magari ya kampuni nyingi yaliitwa kurudishwa, Toyota na Honda zikiwemo. Nchini Marekani pekee ilikuwa vilipuzi zaidi ya milioni 60, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Kwa hiyo kuanzia leo, kila namba ya chesisi nitakayopewa naiingiza kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza gari, kuona kama liliitwa na kama lilirekebishwa. Ni bure, ni dakika mbili.

Siku ya 10

Sikutoka. Nimelala.

Siku ya 14

Nimenunua skana ndogo ya OBD, ile ya kuchomeka chini ya usukani kwenye tundu la pini 16 na kusoma kwa simu makosa ambayo kompyuta ya gari imeyaandika. Bei yake ni kama chakula cha familia cha siku moja. Nilifikiri ni mchezo. Siyo.

Gari la leo, Demio (mke wangu alishinda), muuzaji alikuwa mchangamfu mno. Nilipotoa skana akacheka: "Pima, pima tu, kompyuta haidanganyi. Halina kosa hata moja."

Kweli halikuwa na kosa hata moja. Lakini skana ina kurasa nyingine ambazo watu hawafungui. Ya kwanza ni ya vipimo vya ndani: gari lenyewe hujipima kifaa cha kusafisha moshi, sensa za oksijeni, mfumo wa mvuke wa petroli, na kuandika kama kipimo kimekamilika. Karibu vyote viliandikwa havijakamilika. Ya pili huonyesha umbali tangu makosa yafutwe. Ilisema kilomita 3.

Kilomita 3 ndiyo nyumbani kwake hadi pale tulipokutana.

Nikaomba tuzunguke nalo kidogo. Alikubali kwa shingo upande. Baada ya nusu saa ya barabara kuu taa ya injini ikawaka yenyewe, na skana ikaonyesha kosa P0420, yaani kifaa cha kusafisha moshi hakifanyi kazi inavyotakiwa. Wakati mwingine ni sensa tu. Wakati mwingine ni injini iliyokula oili miaka mitano na kukiua hicho kifaa. Sikutaka kulipa ili nijue ni ipi. Yeye akasema, "Ah, hiyo huwaka wakati wa joto."

Siku ya 17

Magari mawili, yote ovyo. La kwanza limepigwa puti ubavu mzima: sumaku ya jokofu niliyoifunga kwa kitambaa inashika mlango wa kushoto, ukiigusisha mlango wa kulia inaanguka chini. La pili oili yake kwenye kijiti ilikuwa kama maziwa ya kahawa. Maji yameingia kwenye oili, na kwa kawaida hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Ute kidogo chini ya kifuniko cha oili peke yake unaweza kuwa mvuke wa safari fupi fupi, usikimbie kwa huo tu. Kwenye kijiti, kimbia.

Jioni mke wangu kauliza kwa upole kama tuongeze hela kidogo, tukope fungu moja, tutoke kwenye tabaka hili la magari. Nimefikiri usiku kucha. Jibu langu ni hapana. Magari ya fungu moja juu nimeyaona kwenye matangazo. Ni yale yale, ila yameoshwa vizuri zaidi.

Siku ya 21

Leo nimejifanyia ujinga. Tangazo zuri, picha nzuri, bei ya chini. Muuzaji yuko safarini, eti nitume fungu 0.3 alishikilie kwa sababu wako wengine watatu. Nilikuwa nimeshafungua simu kutuma. Kilichoniokoa si akili, ni uchovu wa kunakili namba. Alinitumia VIN (namba ya utambulisho wa gari) ili nijiridhishe, na katika kuiandika nikaona herufi O katikati. VIN ya tarakimu na herufi 17 haitumii I, O wala Q, makusudi, zisichanganywe na 1 na 0. Nikamwambia atume picha ya namba yenyewe ilivyogongwa kwenye chuma. Hakujibu tena.

Ninaandika hili kwa sababu kesho nitajisikia mjanja, na sikuwa mjanja.

Siku ya 26

Corolla ya 2005. Nililiona tangazo lake wiki ya kwanza nikalipita: picha mbili, zote zimepigwa mbali, mlango wa nyuma umebonyea, rangi ya paa imepauka kwa jua, kilomita 187,000. Bei mafungu 7 na nusu, yaani kiasi chetu kamili. Limekaa sokoni mwezi mzima. Wote tunapenda yanayong'aa.

Mwenye gari ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sijaliwasha, ulivyosema. Ila nilitaka kwenda kwenye maombi nikaghairi kwa ajili yako."

Kabla hatujafika kwenye gari alinipa daftari la shule lenye jalada la bluu, kona zimekunjika. Kila ukurasa una mistari mitatu: tarehe, kilomita, kilichofanywa. Kuanzia kilomita 61,000 alipolinunua. Oili kila kilomita 5,000, na alipochelewa kaandika "nimechelewa, 6,200". Pampu ya maji kwenye 112,000. Betri nne. Shokapu za mbele kwenye 139,000. Kwenye 150,000 kuna mstari unaosema "fundi mpya, yule wa zamani aliniibia plagi". Risiti zimebanwa kwa pini kwenye kurasa zake. Nilichagua tatu bila mpango nikalinganisha kilomita na tarehe: zinafuatana.

Nikafungua boneti. Kifuniko cha rejeta nilikifungua kwa kuwa injini ilikuwa baridi (kikiwa cha moto usijaribu, maji yatakuchemsha uso). Maji ya rangi ya waridi, safi, yamejaa. Kijiti cha oili: kahawia, si nyeusi, iko kati ya alama mbili. Chini ya kifuniko cha oili, chuma chenye rangi ya asali, hakuna uji mweusi. Juu ya injini, kwenye gasketi ya kava ya vali, oili imetoka jasho kidogo na kushika vumbi. Nililipenda lile vumbi. Injini iliyooshwa asubuhi ya kuuzwa haikuonyeshi inapovuja.

Imewaka kwa nusu sekunde. Cheni ikalia sekunde moja, kimya. Nilimwomba mtoto wa jirani akanyage mafuta huku mimi nimechuchumaa nyuma: mvuke kidogo, kisha hakuna. Si bluu, si nyeusi.

Tuliendesha dakika 40, mama akiwa kiti cha abiria na mkoba mapajani. Giaboksi inabadilisha bila kushtuka, baridi na moto. Nikiachia usukani kidogo kwenye barabara iliyonyooka linaenda kulia. Kwenye uwanja mtupu nilikata kona kali kushoto, taratibu: tak-tak-tak-tak kutoka gurudumu la mbele kulia. Kiungo cha CV, kile kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekunjwa. Kwenye matuta kuna kugonga kuzito upande huo huo.

"Hilo la kona lipo tangu mwaka jana," mama akasema kabla sijauliza. "Nikaacha kukata kona kali."

Taa ya eabegi ilijizima yenyewe. Mikanda yote minne ya 2005. Skana ilisema makosa yamefutwa kilomita 9,000 zilizopita, vipimo vyote vimekamilika. Nilikwisha kuzoea kudanganywa, kwa hiyo niliirudia.

Namba yake ya chesisi inaanza na NZE121. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana VIN ya 17, yana namba hii fupi. NZ ndiyo familia ya injini, kwa hiyo hata bila kufungua boneti unajua si ile 1ZZ ninayoiogopa.

Siku ya 28

Fundi amelipandisha juu saa mbili nzima. Mwanzoni alininunia kwa kumlipa kuangalia tu bila kutengeneza, baadaye akalipenda gari kuliko mimi.

Alipima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) silinda zote nne, injini ya moto, plagi zimetolewa, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho: 185, 183, 188, 180, kwa psi. Alinieleza kwamba kinachomhusu zaidi ni tofauti kati ya silinda, kuliko ukubwa wa namba moja. Ikizidi asilimia 10 anaanza kuuliza maswali. Hapa ni kama asilimia 4.

Mabaya: raba ya CV ya kulia imechanika na grisi imerukia rimu, bushi za lowa arm (mkono wa chini unaoshika gurudumu) zimepasuka pande zote mbili (ndiyo kule kugonga, na sehemu ya kuvuta kulia), gasketi ya kava ya vali, breki pedi za mbele zimebaki milimita 3. Matairi mawili ya mbele yana maua ya kutosha, nami nilishayahesabu kuwa mazima. Fundi akanionyesha tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2316, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Raba ina nyufa nyembamba kama kisigino. Maua peke yake hayatoshi kukuambia tairi ni zima.

Chini kabisa, kutu ya juu juu tu. Chesisi imenyooka, hakuna weldi isiyo ya kiwandani.

Siku ya 29

Mazungumzo ya bei. Sikutaka kumwambia mama wa watu kwamba gari lake ni bovu, maana si bovu. Nilikwenda na karatasi ya fundi yenye bei za spea na matairi, nikaiweka mezani. Jumla yake ilikaribia fungu moja. Nikamwomba mafungu 6 na nusu.

Akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari kama anasahihisha mtihani. "Matairi nakubali, sikujua. Huo mpira uliochanika nakubali, niliuacha mwenyewe. Hizo bushi ni uzee, na uzee hata mimi ninao, hakuna anayenipunguzia." Tukakubaliana mafungu 7.

Siku ya 30

Karatasi. Jina kwenye hati ya umiliki ni lake, linafanana na kitambulisho chake. Namba ya chesisi nimeisoma sehemu mbili, kwenye bamba na iliyogongwa kwenye chuma, nikapitisha kidole kuhisi kama imekwanguliwa. Hakuna mkopo uliolishikilia. Tumekwenda pamoja kubadilisha umiliki na hela imepita benki siku hiyo hiyo, kila mmoja akiona. Funguo mbili. Daftari la bluu ameniachia, ila alichana ukurasa mmoja wenye namba za simu za watu.

Siku ya 33

Matengenezo ya kuanzia. Hata kwa gari lenye daftari, nimebadilisha vimiminika vyote niujue mwanzo wangu: oili ya injini na filta, maji ya rejeta, oili ya breki (hunyonya unyevu wa hewa, na breki za moto zenye maji ndani hukuachia pedali ikazama), filta ya hewa, plagi nne. Oili ya giaboksi fundi ameimwaga na kujaza ile inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Aliikataa mashine ya kusukuma yote itoke. Kwa giaboksi ya umri huu, anasema, uchafu uliotulia usiuamshe. Mafundi hubishana sana juu ya hili. Mimi nimemsikiliza huyu kwa sababu ndiye atakayelaumiwa.

CV mpya, bushi za lowa arm, pedi, gasketi ya kava, matairi mawili mapya ya mbele, kisha alaimenti. Matairi nimesoma DOT kabla hayajafungwa. Muuzaji wa matairi alinikodolea macho, halafu akaenda stoo kuleta mengine.

Siku ya 34

Limenyooka. Mikono nimeiachia, linakwenda.

Siku ya 47

Kelele. Nyuma kushoto, kwenye barabara mbovu tu, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Shokapu za nyuma nilihisi zimekwisha. Nimebonyeza kona ya nyuma kwa uzito wangu na kuachia: linapanda mara moja na kutulia. Siyo shokapu.

Siku ya 52

Fundi katafuta kelele saa nzima. Kaza hiki, paka grisi kile. Bado ipo. Mke wangu sasa anaisikia hata gari likiwa limesimama.

Siku ya 61

Hesabu. Gari 7.0, umiliki na bima 0.8, matairi 0.7, CV na bushi na pedi 0.3, vimiminika na plagi na gasketi 0.4. Jumla 9.2. Limebaki fungu 0.8. Kama ningenunua kwa mafungu 7 na nusu, kwa kanuni yangu ya wino mwekundu, lingebaki 0.3, na pengine ningefunga yale matairi ya nyufa miezi mingine. Mke wangu kasoma mstari huu, hajasema kitu, amegonga kwa kidole mahali palipoandikwa kwamba alitaka 3.

Tumekwenda kilomita 1,140 tangu matengenezo. Kijiti cha oili kimeshuka upana wa uzi. Mafuta nimepima tangi limejaa hadi tangi limejaa, mara mbili: kilomita 14.1 na 13.6 kwa lita, nyingi za foleni. Kioo cha nyuma kulia kinashuka lakini hakipandi mpaka ukigonge kitufe chake. Mlango bado umebonyea, na utabaki hivyo.

Kelele imepatikana jana. Ilikuwa jeki. Chini ya tairi la akiba kuna skrubu ya kuikaza mahali pake, na mimi mwenyewe, siku ya 26, niliitoa jeki nikague kutu, nikairudisha bila kuikaza. Fundi kanitoza saa moja.

Kinachofuata: gasketi ya kava niiangalie tena Jumamosi, na oili kwenye 192,500.